Jua, Mvua na Jani Lililoanguka: Usanifu wa Mandhari Unaojali Tabianchi

Usanifu wa mandhari ni taaluma ya kupanga na kutengeneza maeneo yaliyo nje ya majengo, yaani nyua za nyumba, bustani, viwanja vya shule na hospitali, kingo za mito na pembezoni mwa barabara, ili watu wayatumie kwa raha na viumbe wengine wapate riziki yao humo. Kwa muda mrefu wengi wameichukulia kazi hiyo kuwa urembo unaokuja mwishoni, baada ya mafundi kuondoka na mwenye nyumba kubakiwa na fedha kidogo za kununulia maua na vitofali vya kabro. Mtazamo huo haufai tena, kwa sababu mabadiliko ya tabianchi, yaani kubadilika kwa mwenendo wa hali ya hewa kwa miaka mingi kutokana na kuongezeka kwa gesi zinazozuia joto lisitoke angani, yameonyesha kwamba eneo la nje lina sehemu kubwa katika kuamua kama mji utapitika wakati wa masika na kama utakalika wakati wa kiangazi.

Uwanja wowote, uwe wa familia moja au wa manispaa nzima, unaweza kupimwa kwa maswali matatu: jua linapoupiga, joto lake huenda wapi, mvua inapounyeshea, maji yake huelekea wapi, na jani linapoanguka juu yake, huishia kuwa nini.

Kuhusu jua, inajulikana kwamba lami, saruji na mabati hufyonza joto mchana kutwa na kulirudisha hewani polepole usiku, na ndiyo sababu katikati ya mji huwa na joto kuliko mashamba yaliyouzunguka, hali ambayo wataalamu huiita kisiwa cha joto. Mti hupunguza joto hilo kwa njia mbili: kwanza huzuia miale isifike chini, na pili hupumua mvuke kupitia majani yake, mvuke ambao huondoka na joto kama jasho linavyoupoza mwili. Kwa mujibu wa wakala wa mazingira wa Marekani, sakafu au ukuta ulio kivulini unaweza kuwa na joto pungufu kwa nyuzi 11 hadi 25 za Selsiasi kuliko ule ulioachwa juani saa za joto kali. Elimu ya kivuli si ngeni katika mwambao wa Afrika Mashariki, kwa kuwa vichochoro vyembamba vya Lamu na vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, vilivyobanwa na kuta ndefu za mawe, hukingwa na jua kwa sehemu kubwa ya mchana, na baraza zilizojengwa mbele ya nyumba zimewapa watu mahali pa kukaa na kuzungumza bila kuhitaji mashine ya kupoza hewa.

Swali la pili, la mvua, ndilo linalowagusa majirani zaidi. Udongo wenye uhai una matundu yaliyochimbwa na mizizi, minyoo na wadudu, na matundu hayo hunywa maji na kuyapeleka chini ambako visima hupata chanzo chake, ilhali saruji huyakataa yote na kuyasukuma nje. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni sawa na lita 1 ya maji, kwa hiyo ua wa mita za mraba 200 uliosakafiwa wote, ukipigwa na mvua ya milimita 50, hutupa barabarani takriban lita 10,000, na nyua mia moja za namna hiyo hutupa lita milioni moja. Maji hayo hayapotei, bali huteremka hadi kwa watu wanaoishi mabondeni, kama wakazi wa Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, ambao mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaharibia makazi na mali. Kwa sababu hiyo, namna ya kusakafia ua wa mlimani ni suala la haki kwa mtu wa bondeni.

Singapore inatoa mfano wa jinsi kosa la namna hiyo linavyoweza kurekebishwa kwa kiwango kikubwa. Sehemu ya Mto Kallang iliyopita kando ya bustani ya Bishan-Ang Mo Kio ilikuwa imefungwa ndani ya mfereji wa zege wenye urefu wa kilomita 2.7, ambao kazi yake ilikuwa kuyaondoa maji upesi. Katika mradi uliokamilika mwaka 2012, mfereji huo ulivunjwa na mto ukapewa mikunjo, hata ukafikia urefu wa kilomita 3.2 ndani ya bustani ya hekta 62, huku kingo zake zikishikiliwa na mawe na mizizi ya mimea badala ya ukuta. Siku za kawaida watu hushuka hadi majini, na mvua kubwa inaponyesha mto hutanuka juu ya nyasi, hupunguza mwendo, kisha hurudi mahali pake. Zege la mfereji wa zamani nalo halikutupwa, bali lilitumika tena bustanini humo, ikiwa ni pamoja na kujenga kilima kidogo.

Uamuzi huo wa kutumia zege la zamani una uzito wake katika suala la tabianchi. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi katika tanuri lenye joto la nyuzi zipatazo 1,450, na mawe hayo yanapoungua huachia hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake, juu ya ile inayotoka kwenye moto wenyewe, hata sekta hiyo peke yake ikawa inatoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Mawe hayo pia huacha shimo mahali yalipochimbwa, na shimo mojawapo, lililopo Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, ndilo linalojibu vizuri kuliko yote swali la tatu, la jani lililoanguka.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na machimbo yake yaliacha uwanda wa mwamba wa matumbawe usio na udongo, ukichomwa na jua na wenye maji ya chumvichumvi karibu na uso wa ardhi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kujaribu kupanda humo aina 26 za miti, na zilizostahimili zilikuwa tatu tu, miongoni mwake mnazi na mvinje. Mvinje una sifa ya pekee, kwa kuwa ndani ya vinundu vya mizizi yake huishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mti, kwa hiyo huweza kukua mahali pasipo na rutuba.

Hata hivyo mti peke yake haukutosha. Majani ya mvinje, membamba kama sindano na yaliyojaa tanini, yaani kemikali chungu inayochelewesha kuoza, yalirundikana juu ya jiwe bila kugeuka udongo, mpaka Haller alipomwona jongoo mwenye miguu myekundu akiyala. Majongoo wakakusanywa kwa wingi na kuachiwa chini ya miti, wakazisaga sindano hizo tumboni, na kinyesi chao kikawapa bakteria na kuvu kazi ya kumalizia, hadi tabaka la mboji, yaani udongo mweusi wa mabaki ya mimea, likaanza kujengeka. Juu ya mboji hiyo ikaweza kupandwa miti ya asili ya aina nyingi, mabwawa yakatengenezwa, ndege na wanyama wakapata makao, na mwaka 1984 umma ukafunguliwa mlango wa mahali panapojulikana leo kwa jina la Haller Park.

Funzo la Bamburi haliko katika kuupanda mvinje kila mahali, kwa sababu mti huo wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, Australia na visiwa vya Pasifiki umegeuka mvamizi katika nchi nyingine, na Kenya yenyewe inaujua mkasa wa mathenge, mti wa kigeni ulioletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili uzuie jangwa, kisha ukafunga malisho na kuumiza mifugo. Kilichofaulu Bamburi ni utaratibu: kuusoma udongo na maji kabla ya kuchagua mmea, kuanza na mti unaostahimili, kuulinda mzunguko wa majani na wadudu, kisha kuipisha mimea ya asili ya eneo hilo.

Utaratibu huo unawezekana pia katika ua wa kawaida. Maji ya paa yanaweza kukingwa kwenye tangi, na yanayozidi yakaelekezwa kwenye bustani ya mvua, ambayo ni bonde dogo lililopandwa mimea inayovumilia maji na ukame, ambamo mvua hutuama kwa muda mfupi huku ikinywewa na ardhi. Sakafu ngumu inaweza kuwekwa pale tu magurudumu na miguu inapopita, na kwingineko kukaachwa kokoto, nyasi au vichaka vya asili, huku mwembe au mkwaju uliokuwapo kabla ya ujenzi ukiachwa usimame, kwa kuwa mche unaopandwa leo utahitaji miongo kadhaa kutoa kivuli kama chake.

Katika nyumba nyingi siku huanza kwa kufagia ua hadi ardhi ing'are, kisha majani hukusanywa pembeni na kutiwa moto. Majani hayo hayo yakitandazwa chini ya mti huhifadhi unyevu, hulisha majongoo na minyoo, na mwishowe huwa udongo unaokunywa mvua ijayo. Bamburi walilazimika kungoja miaka, juu ya mwamba mtupu, ili wapate kile ambacho nyua nyingi hukiunguza kila asubuhi.