Schutzgebiet: neno la ulinzi lenye amri ndani yake

Shuleni tulifundishwa kwamba Tanzania Bara, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni la Wajerumani, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini kwenye karatasi zao za serikali, Wajerumani waliandika Schutzgebiet. Litamke "shuts-gebiit".

Ni maneno mawili yaliyoungwa, kama sisi tunavyounga "mwana" na "sheria" tukapata mwanasheria. Schutz ni ulinzi. Zamani kitenzi chake, schützen, kilihusu kuzuia maji kwa tuta la udongo, kazi ambayo mkulima yeyote wa mpunga anaijua. Tuta likizuia maji, limekukinga. Maana ikahamia huko.

Gebiet leo ni eneo tu. Hata hivyo linatokana na gebieten, yaani kuamuru. Hapo kale gebiet ilikuwa amri yenyewe, kisha ikawa mahali ambapo amri ya mtu inafika. Kwa maoni yetu, nusu hii ya pili ndiyo iliyosema kweli.

Kwa nini hawakuandika koloni? Kansela Otto von Bismarck hakutaka serikali ibebe gharama za kutawala nchi za mbali. Alitaka kampuni za wafanyabiashara zitawale, serikali izilinde tu. Kwa hiyo anayelindwa alikuwa mfanyabiashara wa Kijerumani, asije akanyang'anywa na Mwingereza au Mfaransa. Februari 27, 1885, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa barua ya ulinzi kwa chama cha Carl Peters, kwa sababu ya mikataba ambayo Peters alikuwa amerudi nayo kutoka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Wenyeji wa huko hawakuulizwa.

Mwaka 1891 likaundwa jeshi, nalo likapewa jina la namna ileile: Schutztruppe, kikosi cha ulinzi. Katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, kikosi hicho kilichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula kusini mwa nchi. Makadirio ya vifo yanaanzia watu 75,000 na kufika 300,000, wengi wao wakifa kwa njaa.

Neno lenyewe halijafa. Ujerumani ya leo hulitumia kwa misitu, wanyama na vyanzo vya maji vilivyohifadhiwa kisheria.