Nembo inayowaka nyuma ya gari: angalia waya, si taa

Nembo ya LED ya kubandika kwenye buti inakula umeme kidogo sana. Chukua ya wati 2: gawanya kwa volti 12 za betri, unapata kama ampea 0.17. Ndiyo maana inakuja na waya mwembamba kama uzi, na mafundi wengi wanauunga kwenye waya wa taa ndogo ya nyuma. Si wazo baya. Nembo inawaka na kuzimika pamoja na taa.

Sasa angalia fyuzi. Saketi hiyo mara nyingi ina fyuzi ya ampea 10, iliyopangiwa waya mnene wa kiwandani, si huu wako. Kila ukifungua buti, waya unasuguliwa kwenye bawaba. Siku plastiki ikichubuka, shaba inagusa bodi: shoti. Ampea 10 zikipita, fyuzi imetulia tu! Mkondo umeongezeka mara 60, lakini joto kwenye waya hupanda kwa mraba wa mkondo, yaani mara 3,600. Plastiki inayeyuka, tena pembeni ya kapeti ya buti.

Kwa hiyo weka fyuzi ya ampea 1 pale pale ulipounga. Ukiiweka huku kwenye nembo, kipande chote cha katikati hakina ulinzi. Waya upitishe ndani ya mpira uleule wa nyaya za kiwandani.

Rangi? Nyekundu. Mkataba wa Vienna wa 1968 hautaki taa nyeupe ielekee nyuma, isipokuwa chache kama ya rivasi. Ukiweka nyeupe, anayekufuata usiku atadhani unamrudia.