Unasali Wapi?

Wasee, wacha niwashow kitu nilicheki Kamembe, Rwanda.

Ilikuwa jioni, jua inazama upande wa Bukavu, mataa za ng'ambo zinaanza kuwaka kwa Ziwa Kivu. Mi nimetoka Nairobi likizo. Kazo wangu ako na 16, ni morio wa huko Rusizi. Kwa mfuko ako na ngiri tatu za Rwanda, amezikunja hadi zimekuwa ndogo ka tikiti ya mat. Amezisaka akibeba magunia sokoni wiki mzima. Njiani alisimama mara mbili akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Nikajua huyu anaogopa.

Tukafika kwa kibanda ya mzee anauza kredo, huko wanaiita unite. Kazo akavua kofia.

"Papa, naomba musamaha. Ile likizo nilikuuzishia unite, nilikulaga feza yako. Ni hii."

Mzee akahesabu noti moja moja. Hakusema kitu. Nduthi ikasimama, msee akanunua unite, akahepa. Mzee bado amenyamaza. Alafu akauliza polepole: "Unasali wapi, kijana?"

Manze, hiyo swali ilinishika mbaya. Mi nimekulia mtaa yenye injili inakam na spika. Ukidandia mat asubuhi, mhubiri ashaanza. Kuna wengi wamesaidika hivyo, siwezi kataa. Lakini sijawahi ona abiria akimuuliza mhubiri anasali wapi. Hapa kazo hakuwa amehubiri hata neno moja, na mzee ndiye anataka kujua.

Huko Rwanda kelele haikupeleki mbali. 2018 serikali ilifunga makanisa kwa maelfu, zingine ju majengo ni hatari, zingine ju ya kelele. Na kuna kitu nzito kushinda hiyo. Aprili 1994 watu walikimbilia parokia ya Mibilizi, hapo hapo Rusizi, wakijua nyumba ya Mungu itawaficha. Waliuawa. Wengi wa waliouawa walikuwa wamebatizwa, na wengi wa wale waliua pia. Novemba 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha ju ya Wakristo walioshiriki mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kwa nchi imepitia hayo, ukisema umeokoka, watu wanacheki kwanza mikono yako inafanya nini.

Na hii story ya kurudisha si kazo aliianzisha. Miaka ya 1930 huko Gahini, mashariki ya Rwanda, uamsho ulishika moto. Kulikuwa na daktari Mwingereza, Joe Church, na Waganda ka Blasio Kigozi. Watu walisimama mbele ya wenzao wakakiri dhambi, wakarudisha vitu walikuwa wameiba. Moto ikafika Uganda, Kenya, Tanzania. Uganda wakaitwa Balokole, na Rwanda hadi leo msee ameokoka anaitwa umurokore. Wapentekoste nao walianzia Gihundwe, jirani na Kamembe, 1940, wamishonari Waswidi wakitokea Congo. Kazo anasali hapo. Amerithi kitu kubwa kushinda umri wake.

Na usidhani ni wale wa kujificha. Shuleni wanamwita Pasta, anacheka tu. Akipatana na wenzake wa kwaya ni "Yesu ashimwe!" kwa sauti, hata mbele ya base ya maboyz wa nduthi. Tukiagiza isambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na ugali, anafunga macho kwanza, na hoteli imejaa. Siku ya kwanza nilicheki chini nikiona aibu. Siku ya tatu nikafunga zangu pia.

Lakini hajawahi niambia naenda motoni. Ananibongea dhambi zake yeye mwenyewe, na venye Yesu alimwokota akiwa ndani yao. Hapo ndipo ushuhuda wake huanza, kwa deni yake. Ndio maana ukimsikiza huna haja ya kujitetea.

Beshte yangu, ka umeokoka na unaogopa kusema mtaani ju watu wanajua ulivyokuwa, anza hapo hapo wanapojua. Ile simu ulichukua, ile doo ya mathe, ule msee ulimharibia jina. Rudisha. Ukiulizwa kwa nini, sema jina la Yesu bila kunong'ona.

Kazo alimjibu mzee: "Ninasali Gihundwe, papa." Mzee akatikisa kichwa, akasimama, akachukua koti yake.

"Kaa hapa kidogo, niende nikunywe chai."

Akaenda. Droo aliiacha wazi.