Nyama ya Kobe: Mlaji hulipia nini mbele ya bamba la chuma?

KATIKA migahawa ya kifahari ya mji wa Kobe, nchini Japani, mlo wa jioni wa steki kwa mtu mmoja waweza kugharimu makumi ya maelfu ya yeni. Kwa fedha hizo mteja haletewi pande kubwa la nyama lililofunika sahani. Huwekewa vipande vidogo vinavyokwisha kwa matonge machache, vikiwa vimekaangwa mbele ya macho yake. Swali linalomjia mgeni ni moja: fedha hizo hulipia kitu gani?

Upishi huo huitwa teppanyaki, neno lililoundwa kutokana na teppan, yaani bamba la chuma, na yaki, yaani kuoka au kukaanga. Wateja huketi kwenye kaunta inayolizunguka bamba hilo, naye mpishi husimama upande wa pili. Nyama mbichi huonyeshwa kwanza kwa mteja, ndipo ikatwe na kuwekwa juu ya chuma. Tofauti na migahawa mingine, hapa hakuna ukuta unaotenganisha jiko na meza, wala mahali pa kuficha kosa.

Ingawa Japani yasifika leo kwa nyama, ulaji wa ng'ombe haukuwa desturi yake. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alitoa amri ya kuzuia ulaji wa baadhi ya wanyama, ng'ombe wakiwamo, na kwa karne nyingi ng'ombe walithaminiwa zaidi kwa kulima na kubeba mizigo. Bandari ya Kobe ilifunguliwa kwa wafanyabiashara wa kigeni mwaka 1868, nao walikuja na hamu yao ya nyama. Mwaka 1872 ilitangazwa kwamba hata Mfalme Meiji alikuwa akila nyama ya ng'ombe, na tangu hapo mwiko ukaanza kulegea.

Teppanyaki ya steki ni changa zaidi. Mgahawa wa Misono, ulioanzishwa mjini Kobe mwaka 1945, ndio unaotajwa kuwa wa kwanza kukaanga steki kwa namna hiyo, na wageni wa kigeni walikuwa miongoni mwa walioushabikia mapema. Mwaka 1964 Hiroaki Aoki, aliyejulikana pia kama Rocky, alifungua mgahawa wa Benihana mjini New York. Humo wapishi walirusha visu na kuzungusha vyombo kwa mbwembwe ili kuwafurahisha wateja. Mbwembwe hizo ndizo zilizosambaa duniani, lakini mpishi wa mgahawa wa hadhi mjini Kobe kwa kawaida hufanya kazi yake kwa utulivu.

Mlo wenyewe huenda kwa mpangilio. Baada ya vionjo vya mwanzo, mpishi hukaanga vipande vyembamba vya kitunguu saumu hadi vigeuke rangi ya dhahabu, kisha huviweka kando. Ndipo nyama huwekwa juu ya chuma chenye moto mkali ili ngozi yake ya nje ikauke na kutoa harufu, huku ndani ikibaki laini. Hukatwa vipande vya kutosha mdomo mmoja, kwa kuwa huliwa kwa vijiti, na huandamana na chumvi, pilipili manga au sosi ya soya. Mafuta yaliyobaki hayatupwi. Mara nyingi ndiyo yanayokaangia wali wa kitunguu saumu unaofunga mlo.

Mafuta hayo ndiyo kiini cha bei. Nyama ya Kobe hutoka kwa ng'ombe weusi wa ukoo wa Tajima, wa mkoa wa Hyogo. Mafuta yao hayakai pembeni peke yake, bali hutapakaa ndani ya mnofu kama michirizi ya marumaru, na huyeyuka kwa joto dogo. Ndiyo maana vipande vichache humkinaisha mlaji. Masimulizi kwamba ng'ombe hao hunyweshwa bia na kukandwa miili si utaratibu wa ufugaji huo. Siri imo katika nasaba, malisho na muda. Fahali mmoja wa ukoo huo, aliyezaliwa mwaka 1939, ametambuliwa kuwa babu wa takriban ng'ombe wote weusi wa Kijapani wanaozalishwa leo. Jina lake, kwa sadfa itakayomfurahisha msemaji wa Kiswahili, lilikuwa Tajiri.

Hata hivyo, si kila ng'ombe wa Tajima hupata jina la Kobe. Ni lazima awe maksai au mtamba ambaye hajazaa, azaliwe, anenepeshwe na kuchinjwa ndani ya mkoa wa Hyogo, na michirizi ya mafuta yake ifikie angalau daraja la 6 kati ya 12. Anayeshindwa huuzwa kwa jina jingine, na kwa bei ya chini.

Hapo ndipo palipo na hatari kwa mlaji. Hadi mwaka 2012 nyama ya Kobe haikuwa ikiuzwa rasmi nje ya Japani. Lakini kabla ya mwaka huo migahawa mingi ya Marekani ilikuwa imekwisha kuiandika katika orodha za vyakula vyake, na mara nyingi kilichouzwa kilikuwa nyama ya ng'ombe chotara waliofugwa hukohuko. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Hapa bei ya juu nayo haikumkinga mteja. Aliyeumia pia ni mfugaji wa Hyogo, aliyetunza ukoo mmoja kwa vizazi na kuona jina lake likiuzwa na wengine.

Japani ilijibu kwa kumbukumbu. Baada ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe kugunduliwa nchini humo mwaka 2001, ilitungwa sheria mwaka 2003 inayompa kila ng'ombe namba ya tarakimu 10. Migahawa ya steki nayo hutakiwa kuonyesha namba ya nyama inayoandaliwa, na mteja aweza kuitafuta kwenye intaneti akajua ng'ombe alizaliwa wapi na kuchinjwa lini. Desemba 2015 jina la nyama ya Kobe liliandikishwa kisheria miongoni mwa bidhaa za kwanza za Japani kulindwa kwa asili ya mahali zinakotoka.

Msafiri anayekusudia kuketi mbele ya bamba hilo hana haja ya kuona haya kuuliza namba hiyo. Aidha, mlo wa mchana kwa kawaida huwa nafuu kuliko wa jioni. Anayeshika miiko ya dini aeleze mapema wakati wa kuweka nafasi, kwani brandi humiminwa wakati mwingine juu ya nyama, na baadhi ya sosi hutiwa pombe ya mchele. Bahashishi haitarajiwi Japani.

Mpishi hufanya kazi yake yote hadharani. Namba ya ng'ombe humwezesha mlaji kuona na yale yaliyotangulia jikoni, kuanzia zizini hadi machinjioni, na hayo nayo ni sehemu ya anacholipia.