Nyufa Katika Sakafu Mpya

Wajenzi wa zamani wa mji wa Gedi, ulio baina ya Malindi na Kilifi, walisakafia nyumba zao kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa. Tangu kiwanda cha Bamburi kilipoanza kutoa saruji mwaka 1954, sakafu za saruji zimeenea pwani yote. Lakini wengi huona jambo la kusikitisha: sakafu iliyokula fedha nyingi inapasuka kabla ya mwezi kwisha.

Sababu yake ni nini? Saruji haikauki tu kama udongo. Hushikana kwa kunywa maji. Jua na upepo wa bahari vikiipokonya maji hayo mapema, sakafu husinyaa na kupasuka. Katika nchi za baridi za Ulaya, watu hupitisha mabomba ya maji ya moto ndani ya sakafu, na mafundi hungoja kama siku 21 kabla ya kuanza kuipasha joto. Hapa kwetu jua halingoji mtu. Basi yatupasa, mara uso wa sakafu unapokwisha kuwa mgumu, kuifunika kwa magunia yaliyoloweshwa muda wa siku 7.

Ikiwa nyufa zimekwisha kutokea, usizizibe upesi. Kwanza gonga kwa nyundo ndogo. Ukisikia mlio wa kitu kitupu, sakafu imeachana na msingi wake. Sehemu hiyo haina budi kuvunjwa na kutandazwa upya. Ukisikia mlio mzito, tia alama ya kalamu kwenye ncha za ufa, andika tarehe, ungoje majuma 4. Ufa ukizidi kurefuka, au upande mmoja ukididimia, ardhi ya chini haikushindiliwa vema, mwite fundi.

Usipozidi, upanue kwa tindo, fagia vumbi lote, lowesha, kisha upake uji wa saruji. Kabla uji haujakauka, jaza kwa saruji sehemu 1 na mchanga sehemu 3, na maji machache. Usitumie mchanga wa ufuoni, maana chumvi yake huvuta unyevu. Tumia mchanga safi wa mto. Funika tena kwa gunia lenye maji siku 7.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini azibaye bila kujua kilichoupasua ataziba tena mwakani, kwa saruji ya kununua mara ya pili.