Jua la Balambala na ngozi yako: Jipange kabla ya kukimbilia mkorogo

UKIISHI Balambala huhitaji kuelezwa jua ni nini. Mchana joto mara nyingi hupita nyuzi 35, na upepo mkavu hunyonya unyevu hadi midomo ikapasuka. Halafu harusi inakaribia, na mtu anakuletea kikopo kisicho na lebo: “Paka hii wiki mbili tu, utang’aa.”

Tulia kwanza. Ngozi yako haihitaji kikopo hicho. Inahitaji mambo matatu kila siku: kuoshwa, kulainishwa na kukingwa na jua.

Ijue ngozi yako

Osha uso kwa sabuni isiyo kali, ujifute, kisha kaa kivulini saa moja bila kupaka kitu. Bonyeza tishu usoni. Ikitoka na mafuta kila mahali, ngozi yako ni ya mafuta. Ikitoka na mafuta ya paji la uso na pua pekee, ni mchanganyiko. Ikitoka kavu na uso unahisi kuvutwa, ni kavu. Na kama kila sabuni inakuwasha, ngozi yako ni nyepesi kudhurika.

Asubuhi na jioni

Ngozi ya mafuta: osha mara mbili kwa siku, basi. Ukisugua kila saa utaiumiza bure. Paka losheni nyepesi, si mafuta mazito ya mgando. Na kama chunusi zinakutoka kando ya paji, angalia hijabu au kofia yako. Jasho hukaa humo. Ifue mara kwa mara.

Ngozi kavu: asubuhi maji matupu yanatosha, sabuni ngoja jioni. Paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya mgando si ya kudharau, hasa kwa visigino na midomo.

Mchanganyiko: losheni nyepesi kote, kisha ongeza kidogo mashavuni. Ngozi nyepesi kudhurika: chagua vitu visivyo na manukato, na ujaribu kila kipya ndani ya kiwiko siku moja kabla ya kukipeleka usoni.

Na qasil ya nyanya?

Usiitupe. Qasil ni unga wa majani ya mkunazi, na hutoa povu kwa sababu majani hayo yana saponini, kama sabuni ya asili. Inaifaa sana ngozi ya mafuta. Kama yako ni kavu, tumia mara moja au mbili kwa wiki, kisha upake mafuta mara moja.

Jua halichagui

Weusi hukinga kiasi, si kabisa. Tafuta krimu ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, upake tena kila saa mbili ukiwa nje. Bei ikikushinda, mwavuli, shela na kivuli kati ya saa nne na saa kumi ni kinga pia. Usisahau mikono na miguu.

Sasa, kile kikopo

Mkorogo mwingi huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Zebaki hudhuru figo, na mjamzito anaweza kumpitishia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha madoa meusi ya samawati yasiyotoka. Steroidi hufanya ngozi kuwa nyembamba, na jua letu humalizia kazi. Mkataba wa Minamata wa 2013 unapinga vipodozi vya zebaki, lakini sheria haiwezi kukufuata hadi chumbani.

Kama tayari unatumia, usione haya; muone daktari, kwa sababu kuacha steroidi ghafla kunaweza kuwasha uso mzima.

Anza leo jioni. Ipe ngozi wiki sita hivi kabla ya kulalamika. Na siku ya harusi, nenda na uso wako mwenyewe, bana.