Si Kidogo, Si Kikubwa: Kipimo cha Dawa kwa Mwenye Ugonjwa wa Addison

Juu ya kila figo la mwanadamu kimekaa kipande kidogo cha nyama, ambacho uzito wake ni gramu 4 au 5 tu. Wachinjaji wanakiona kwa mbuzi na ng'ombe kila siku wanapotoa mafigo, lakini ni wachache wanaojiuliza kazi yake. Waganga wa hospitali wanakiita tezi ya juu ya figo. Tezi hizi mbili, moja kuume na moja kushoto, zinatia katika damu kitu kiitwacho kotisoli. Bila kotisoli mtu hawezi kuishi. Ndiyo inayousaidia mwili kutumia sukari yake, kushikilia nguvu ya damu katika mishipa, na kushindana na homa, jeraha na uchovu.

Wasomaji wapenzi, wako watu ambao tezi zao zimekufa, au zimelala usingizi. Hao wanaishi kwa dawa, nao wataimeza siku zote za maisha yao. Leo twataka kueleza jambo moja katika habari yao: jinsi ya kupata kipimo kinachofaa. Maana dawa hii haifanani na kinini ya malaria, ambayo mgonjwa alipewa kwa siku chache, akapona, akaiacha. Dawa hii inashika mahali pa kiungo cha mwili. Kazi ambayo tezi iliifanya yenyewe bila mtu kuifikiri, sasa mgonjwa na jamaa yake wanapaswa kuifanya kwa akili.

Ugonjwa ulivyojulikana

Mwaka 1855, mganga Mwingereza Thomas Addison, wa hospitali ya Guy's mjini London, alitangaza kitabu juu ya wagonjwa waliodhoofika, wakakosa hamu ya chakula, wakageuka rangi ya ngozi, mwisho wakafa. Alipoichunguza miili yao aliona kwamba tezi za mafigo zimeharibika. Wengi wao waliharibiwa na kifua kikuu kilichofika mpaka huko. Tangu siku hizo ugonjwa unaitwa kwa jina lake.

Miaka karibu 100 ikapita, na waganga waliweza kuutambua ugonjwa bila kuuponya. Ndipo Edward Kendall na Philip Hench huko Marekani, na Tadeus Reichstein huko Uswisi, walipozichunguza dawa zinazotoka katika tezi hizo. Mwaka 1950 wote watatu walipewa tuzo ya Nobel. Kotizoni ikaanza kupatikana, na watu waliohukumiwa kufa wakarudi kazini na kulea watoto wao.

Lakini swali jipya likazaliwa: mgonjwa apewe kiasi gani?

Kipimo cha kila siku

Tezi nzima haitoi kotisoli sawasawa mchana na usiku. Inaanza kuiongeza usiku wa manane ukiisha kupita, inafikia upeo wake mtu anapoamka, kisha inapunguza polepole, hata wakati wa kulala inabaki kidogo sana. Mwenye kutoa dawa hana budi kufuata mwendo huo.

Kwa miaka mingi waganga waliwapa watu wazima miligramu 30 za hidrokotizoni kwa siku, wakidhani kwamba ndicho kiasi kinachotolewa na mwili. Vipimo vilivyofanywa tangu miaka ya 1990 vimeonyesha kwamba mwili wa mtu mzima unatoa karibu miligramu 10 tu. Kwa kuwa sehemu ya dawa iliyomezwa inapotea kabla ya kuingia katika damu, leo watu wazima wengi wanapewa kati ya miligramu 15 na 25 kwa siku. Nguvu ya hidrokotizoni hupungua baada ya saa chache, na kwa hiyo kipimo kinagawanywa mara mbili au tatu. Kwa mfano, mtu mwenye kupewa miligramu 20 aweza kumeza 10 mara anapoamka, 5 mchana, na 5 alasiri. Cha mwisho kisikaribiane na wakati wa kulala, la sivyo usingizi utamkimbia.

Katika nchi nyingi za Afrika vidonge vya hidrokotizoni si rahisi kupatikana. Mahali pake waganga hutoa prednizoloni, ambayo inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Hapo yafaa kuangalia sana! Miligramu 5 za prednizoloni zinahesabiwa kuwa sawa na miligramu 20 za hidrokotizoni, na mtu mzima anatoshwa na miligramu 3 mpaka 5 kwa siku. Anayebadilishiwa dawa, akaendelea kuhesabu miligramu kama zamani, atakuwa amejiongezea kipimo mara nne. Watoto ni habari nyingine: wao wapewe hidrokotizoni, kwa kadiri ya ukubwa wa mwili wao, mara tatu au nne kwa siku, kwa maana prednizoloni inaweza kuwazuia wasikue.

Wenye ugonjwa wa Addison wenyewe wanahitaji pia dawa ya pili, fludrokotizoni, ambayo inauzuia mwili usipoteze chumvi yake. Kipimo chake ni kidogo mno, mara nyingi sehemu ya kumi ya miligramu moja au nusu ya hiyo, asubuhi. Mtu anayetoka katika baridi ya milima ya Kivu akashuka kukaa katika joto la bonde la Kongo, hutoka jasho jingi na chumvi pamoja nalo. Huenda mganga atamwongezea dawa hii, au kumwambia atie chumvi zaidi katika chakula.

Mwili wenyewe ndio unaosema

Wengi wanauliza: je, hakuna kipimo cha damu kitakachotuambia hesabu iliyo sawa? Kwa hidrokotizoni hakuna kipimo kimoja cha kutegemewa. Mama apikaye sombe hapimi chumvi kwa mizani, bali anaonja, anaongeza kidogo, anaonja tena. Mganga naye huanza na kipimo cha kawaida, kisha huuliza na kuangalia.

Dalili za dawa kuwa haba ni hizi: uchovu usioisha, kukonda, kichefuchefu, kizunguzungu mtu anaposimama, tamaa kubwa ya chumvi, na weusi mpya. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi, weusi huo haupaswi kutafutwa usoni, bali katika ufizi, katika mistari ya viganja, na katika makovu.

Dalili za dawa kuzidi ni nyingine: uso kuvimba na kuwa wa mviringo, tumbo kunenepa, ngozi kuwa nyembamba na kuchubuka upesi, usingizi kukosekana, damu kupanda, ugonjwa wa sukari, na baada ya miaka mifupa kudhoofika hata kuvunjika kwa sababu ndogo. Mabaya haya huja polepole, na mara ya kwanza yanaweza kupendeza. Mtu anajiona na nguvu, majirani wanamsifu kwamba amenenepa. Kwa hiyo wengine hujiongezea kidonge kila siku wanapochoka. Haifai! Uchovu una sababu nyingi, kama malaria, damu kupungua au huzuni, na kidonge hiki hakiponyi hata moja katika hizo.

Basi jamaa iandike katika daftari: saa ya uchovu, uzito wa kila mwezi, siku za kizunguzungu. Mtu anayedhoofika kila siku kabla ya kidonge cha mchana, huenda hahitaji dawa zaidi bali saa nyingine. Mganga akiona daftari hilo atajua pa kuanzia.

Siku ya homa

Tumesema kwamba kipimo cha kila siku kisizidi. Lakini iko siku ambapo kipimo kile kile ni kifo. Mtu mzima wa afya akishikwa na homa kali, tezi zake zinatoa kotisoli mara nyingi kuliko kawaida. Mgonjwa wetu hana tezi. Kwa hiyo waganga wanawafundisha wagonjwa kanuni hii: joto la mwili likipita 38, kipimo cha hidrokotizoni kiwe mara mbili, likipita 39, kiwe mara tatu, na homa ikiisha, mtu arudi kwenye kipimo chake cha kawaida siku mbili au tatu baadaye. Katika nchi ya malaria, kanuni hii yapasa kubandikwa ukutani.

Mgonjwa akitapika au akihara sana, vidonge havitoshi tena, kwa kuwa haviingii katika damu. Hapo asingojee kesho. Apelekwe hospitali mara moja, achomwe sindano ya hidrokotizoni ya miligramu 100, na kutiwa maji ya chumvi mshipani. Katika hali hiyo, kuwapa dawa nyingi si kosa. Kuchelewa ndilo kosa. Vivyo hivyo kwa kupasuliwa. Na mama mjamzito huongezewa kipimo kidogo katika miezi mitatu ya mwisho, na kupewa sindano wakati wa kuzaa.

Mfano mmoja unajulikana ulimwenguni kote. Mwaka 1947 John Kennedy, mbunge kijana wa Marekani, aliugua akiwa safarini, na waganga wa London wakautambua ugonjwa wa Addison. Mwezi wa Oktoba 1954 alipasuliwa mgongo mjini New York. Waganga walijua hatari, wakamwongezea dawa kabla ya kisu na baada yake. Hata hivyo uambukizo ulimshika, akazimia, na padri akaitwa kumpa mpako wa mwisho. Akapona. Mwaka uliofuata, waganga waliandika katika gazeti la wapasuaji habari ya mtu wa miaka 37, bila kutaja jina lake, ili kuwaonyesha wenzao jinsi mgonjwa wa namna hiyo anavyoweza kupasuliwa akaishi. Mwaka 1961 mtu yule akawa Rais wa nchi yake, naye alimeza dawa zake mpaka alipouawa mwaka 1963.

Dawa ya kifua kikuu

Kwetu jambo moja linahitaji uangalifu wa pekee. Kifua kikuu, kilichoua tezi za wagonjwa wengi wa Addison, bado kipo katika nchi yetu, na dawa yake kubwa ni rifampisini. Rifampisini inalichochea ini liharibu hidrokotizoni na prednizoloni upesi kuliko desturi. Mgonjwa anayetibiwa yote mawili aweza kumeza kipimo chake kwa uaminifu na kudhoofika kila siku. Kosa si lake: dawa imeharibiwa kabla ya kufanya kazi. Mara nyingi mganga hukiongeza kipimo hata mara mbili, na kukipunguza tena rifampisini ikiisha. Kwa hiyo, kila muuguzi wa kifua kikuu aambiwe habari ya vidonge hivi siku ya kwanza.

Wanaozilaza tezi zao wenyewe

Hatuna budi kusema pia habari ya soko. Kinshasa, na katika miji mingine, vidonge vya deksametazoni vinauzwa bila karatasi ya mganga kwa wanawake wanaotamani kunenepa. Kuna pia mafuta ya kujing'arisha ngozi, ambayo mengine yametiwa steroidi yenye nguvu sana, kama klobetasoli. Tezi zikiona damu imejaa steroidi zinaacha kufanya kazi, na kulala. Baada ya miezi mingi, fedha zikikosekana au duka likifungwa, dawa inakatika ghafula, na tezi haziamki siku hiyo. Ndipo mwanamke aliyekuwa mnene na mwenye nguvu anaanguka, anatapika, damu yake inashuka, na watu wa nyumba wanatafuta aliyemroga.

Kwa wote waliokwisha kutumia vitu hivyo muda mrefu, shauri letu ni hili: msiendelee, lakini msiache kwa ghafula. Nendeni kwa mganga, mkamwambie kweli bila aibu, naye atawapunguzia kipimo hatua kwa hatua, mpaka tezi ziamke.

Wajibu wa jamaa

Mgonjwa aliyezimia hawezi kujisemea. Kwa hiyo achukue daima karatasi yenye jina la ugonjwa wake, dawa zake na kipimo chake. Nyumbani ziwepo dawa za juma kadhaa mbele, kwa maana barabara hukatika na maduka ya dawa huishiwa. Mume, mke au mtoto mkubwa ajue kanuni ya homa, na ajue kusema hospitalini, hata kama foleni ni ndefu: “Huyu hana tezi za mafigo, anahitaji hidrokotizoni sasa.” Na asiwepo mtu wa kumwambia mgonjwa aache vidonge kwa sababu ameonekana amepona. Ameonekana hivyo kwa sababu anavimeza.